Mke Wangu Kwenye Mkeka wa Bi Jamna

Jumatatu, 4 Mei 1908
Nimeamka, pembeni hamna mtu. Tena. Mke wangu, Tatu, kaenda kuteka maji, ndivyo asemavyo. Mtungi ulikuwa umejaa tangu jana, niliufunua mwenyewe. Amerudi jua limeshachomoza juu ya Uluguru, kanga ina vumbi magotini, uso umetulia. Uso huo haukutulia kwa ajili yangu. Sikuuliza. Nimekwenda stesheni bila kunywa kitu. Nimekosea tiketi, Mdachi, mkubwa wangu, kanikaripia mbele ya abiria.

Jumatano, 6 Mei
Nimejibanza nyuma ya kuni. Hakushika njia ya mtoni. Ameingia nyumba ya pili, kwa Ramji, Mhindi, seremala wa reli. Ramji ana mke, Bi Jamna, lakini sijamwona nje siku nyingi. Labda kasafiri.
Tangu Tatu ateleze na mzigo wa kuni kwenye mteremko wa Bigwa, analalamikia kiuno, hataki nimguse. Kumbe kiuno! Nimefanywa mjinga.

Alhamisi, 7 Mei
Mvua. Hakutoka. Ametwanga kidogo, akaacha, akashika ukuta. Anajua kuigiza. Jioni Ramji kapita, kanisalimu huku anatabasamu. Anachekea nini?

Ijumaa, 8 Mei
Nimemfuata. Viatu vya Ramji mlangoni. Ndani mtu anahema, pumzi ndefu, taratibu. Damu imenichemka. Nimesukuma mlango.
Ramji hayupo, kaacha viatu tu. Tatu yuko kwenye mkeka, kapiga magoti, kakalia visigino, paji la uso chini, mikono kainyoosha mbele. Mbele yake ukutani, sanamu na taa ya mafuta. Bi Jamna kakaa kando yake.
Mke wangu, Mwislamu, anasujudia sanamu! Nimemvuta mkono kwa nguvu. Kapiga ukelele, kaanguka ubavu.
"Utamvunja!" Bi Jamna kasema.
Nimeondoka. Tatu kaletwa baadaye na Bi Jamna, kashikwa mkono. Talaka iko mdomoni. Sijaitamka.

Jumamosi, 9 Mei
Hawezi kugeuka kitandani. Nimemuuliza jana alikuwa akimwomba nani.
"Simwombi mtu. Nanyoosha kiuno, Bi Jamna ananifundisha. Chumba chenyewe kidogo, upande usio na sanamu umejaa mbao. Tangu nianguke, umewahi kuniuliza nalalaje?"
Sijawahi. Lakini kwa nini afiche?
"Kwa sababu nilijua utafanya ulilolifanya jana."

Jumanne, 12 Mei
Nimemwita Bi Jamna aje afundishe uani kwangu, nione kwa macho yangu. Kaja na mumewe. Nimemkazia macho Ramji. Yeye kakaa kizingitini, anachonga mpini wa jembe.
Bi Jamna kamkataza Tatu asiguse mkeka. "Bado panauma. Apumzike kwanza. Fanya wewe, Bwana Karani."
Nimeona ni mtego. Nimefanya. Nguo iliyokunjwa chini ya magoti. Magoti yaachane kidogo. Kushuka huku natoa pumzi. Nilijikandamiza nimalize haraka, goti likachoma.
"Hapana. Ikichoma, rudi. Usishindane na mwili. Na usifanye umetoka kula."
Nimerudi, nimeshuka polepole. Mgongo wangu, uliokauka kwa kuinamia meza ya tiketi, umelegea. Nimetaka kubaki pale. Nimeona haya. Nyuma yangu Tatu kacheka, kisha kashika kiuno, "Aa!" Kosa langu hilo, si la kuni.

Alhamisi, 21 Mei
Ramji kahamishwa, kafuata reli upande wa Kilosa. Nyumba tupu. Sijui kama nilipata kumwamini. Bi Jamna, ndiyo.
Asubuhi Tatu kashuka kwenye mkeka mara ya kwanza tangu nimvute. Nimemtandikia shuka chini ya magoti, nikakaa mbali kidogo. Mgongo wake ulipanda na kushuka. Kainuka taratibu, kwa mikono kwanza.
Kasema kesho anapanda Bigwa kumwona mama yake, nikitaka niende naye.
Nimesema nitakwenda.