Orutu Iliyofika Doha Peke Yake

Ahero, 3 Machi 2025

Mwanangu Reuben,

Hujambo huko? Miguu inavumilia kusimama getini siku nzima? Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu. Mimi nasema, dada yako Pamela anaandika.

Nimeitwa na kamati ya Bunge inayokagua pesa za umma zilizotumiwa kwa sanaa. Wanasema Novemba wanamuziki thelathini walilipiwa kwenda tamasha Doha, na jina langu ni la saba. Wajua sijawahi kupanda ndege. Pamela anahofia nitaambiwa nilikula pesa. Mimi nataka kujua jambo moja: nani alipiga orutu, zeze letu la uzi mmoja, mahali pangu? Hebu uliza.

Baba yako

Doha, 14 Machi

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Goti likandwe maji moto.

Nilichelewa kujibu kwa woga. Tamasha lilifanyika hoteli hii hii ninayolinda, hapa Al Sadd. Orodha ya wageni siwezi kuigusa, nitafutwa kazi. Ila Faridah, Mganda anayehudumia meza ukumbini, anasema walikuja wacheza ngoma tisa, na mabwana wa suti pamoja na wake zao. Mpiga ala hata mmoja hakuwepo. Muziki ulitoka kwenye spika.

Alirekodi kidogo kwa simu. Baba, ni wewe. Ni ule wimbo uliomtungia marehemu mama, hata pale katikati unapokohoa. Siku ile niliusikia kwa mbali nikiwa getini, nikadhani ni upweke unanichezea. Faridah amekubali niwatumie video hiyo.

Mwanao

Doha, 2 Aprili

Baba,

Salama? Karibu wiki tatu kimya, na Pamela hashiki simu. Niambie, hata kama ni mabaya.

Mwanao

Ahero, 9 Aprili

Reuben mwanangu,

Pole kwa wasiwasi. Tu wazima. Tuliwekwa Nairobi siku nyingi, na simu ya Pamela ikachukuliwa kama ushahidi.

Mbunge mmoja aliniuliza kama nilikwenda Doha au la. Nikamjibu, "Mimi sikwenda. Sauti yangu ilikwenda, bila kuniaga."

Mwaka juzi maafisa wa utamaduni walinirekodi hapa nyumbani, wakasema ni ya kuhifadhi. Sasa walidai ile ya Doha ni orutu ya mtu mwingine. Nikaomba nipige. Video ikafunguliwa, nami nikaifuata mpaka wabunge wakashindwa kujua ipi ni ipi. Mwenyekiti akawauliza maafisa mara tatu nani alisafiri kwa jina langu. Wameagizwa warudishe pesa, na wapelelezi wamekabidhiwa faili.

Sijawasamehe. Lakini kuna jambo linanisumbua tangu nirudi: watu walikuwa wakila tu, au yupo aliyesikiliza?

Baba yako

Doha, 11 Aprili

Baba,

Nimefurahi mno. Nimemuuliza Faridah. Wageni walikula. Yeye alisimama na trei mkononi mpaka wimbo ukaisha, na supu ikapoa. Meneja alimkaripia. Nimemwambia wimbo ni wa mama, naye anauliza alikuwa mtu wa namna gani.

Mwanao