Mihogo Niliyoiloweka Mara Moja Tu

Rubondo, kambi ya wakimbizi ya Nakivale

Mama yangu, jambo sana. Magoti yanaendeleaje na mvua hizi? Na yule mbuzi wako mkorofi, bado anakula sabuni? Sisi huku ni wazima, na safari hii nikisema wazima sikufichi kitu.

Ulishasikia kwamba nilikuwa naloweka mihogo, namwaga maji, naloweka tena mpaka inaoza. Tangu mtoto wa jirani augue kwa mihogo michungu, niliona kila unga una sumu ya kuwaua wanangu. Walilala njaa na chakula kipo. Kanisani walinikemea pepo, lakini huyo pepo hakuelewa lugha yao.

Mama Divine, jirani yetu Mrundi anayenawa mikono mpaka inachubuka, alinitangulia kutibiwa Mbarara. Alifundishwa kukunja ngumi kila mkono unapotaka maji, na akaanza kupata nafuu. Basi nami nikakunja ngumi, kichwa ngumu kama unavyonijua, huku naloweka kwa mkono wa pili.

Mwishowe nikaenda mwenyewe. Daktari, msichana wa hukohuko Mbarara, hakunicheka. Aliniuliza, “Mama, nani anasukuma mkono yako? Ni hofu, ama mkono inaenda yenyewe tu?”

“Njo hofu,” nikamwambia. “Naona batoto bamekufa.”

Akanieleza kwamba ubongo una njia nyingi. Mama Divine huenda amekwama kwenye njia ya mazoea, mimi kwenye ya hofu, na tiba ya mmoja si lazima imfae mwingine. Alikiri kuwa hata wao bado wanazichunguza njia hizo. Akanipa vidonge na kazi ngumu: niloweke mara moja tu, jinsi ulivyonifundisha wewe, nipike, tule, halafu nikae na hofu bila kuikimbia, mpaka ichoke yenyewe.

Mara ya kwanza nililia juu ya sufuria. Jumamosi hii nilisonga bugali, nikapakua na sombe ya majani ya mihogo, nikaikalia mikono yangu. Hofu ilikuja, ikapanda, ikapungua. Itarudi, najua, lakini nimefurahi sana, Mama.

Nisalimie kaka mkubwa, na shangazi aliyesema nimelogwa. Mwambie simchukii.

Jumamosi hiyo mwanangu wa mwisho alisukuma sahani yake na kusema, “Mama, ongeza ingine.”

Nikaongeza.

Ni mimi binti yako, ninayekula sahani moja na wanangu,
Furaha