Tangi la Daktari Juu ya Paa

Kijiji cha Kot Sarwan,
karibu na Phagwara,
Panjabi.
9 Agosti 2023

Mpendwa mdogo wangu Resham,

Sat Sri Akal. Mgongo wako unaendeleaje tangu ile ajali ya lori? Na shemeji Paramjit, miguu bado inamvimba? Sisi huku wazima. Nyati wetu wa kufugwa amezaa, na maziwa yake mazito hata kijiko kinasimama wima, sisemi uongo. Mimi kifua bado cha chuma, ila hofu imeninyima hamu ya kula. Nami ndiye niliyemaliza sinia nzima ya vitamutamu vya ladu kwenye harusi yako, nikauliza chakula kinaanza saa ngapi.

Hofu yangu ni juu ya binti yako Navreet. Mtihani wa kuingia udaktari amefaulu vizuri, hilo unalijua. Lakini watoto wetu wenye uraia wa ng'ambo siku hizi wanasukumwa kwenye viti vya wageni vyuoni, vinavyolipiwa kwa dola. Bahati yake, ile kadi yake ya asili ya Kihindi ilitolewa kabla ya amri mpya, kwa hiyo anaruhusiwa kugombea pamoja na watoto wa raia. Mradi tu ihakikishwe kwamba hii miaka miwili ameishi na kusoma hapa.

Na ameishi. Kijiji kizima ni shahidi.

Sasa sikia. Unajua desturi yetu, mwenye mtu ng'ambo huonyesha kwenye paa. Jirani Bachittar ana tangi la maji la umbo la ndege. Ningekubali vipi anishinde? Matokeo yalipotoka tu nikamwita fundi, akanijengea tangi la umbo la daktari, koti jeupe, mpira wa kusikilizia moyo shingoni, jani jekundu la Kanada kifuani. Chini yake maandishi: Daktari Navreet wa Kanada. Linaonekana toka barabara kuu.

Wiki iliyopita akaja ofisa wa kuhakiki makazi. Kabla hajaketi akainua macho. Akauliza, huyu wa Kanada ndiye mnayesema anaishi hapa? Mimi, badala ya kujibu swali, nikajikuta namweleza kwamba baba yake ana malori arobaini huko. Ofisa akaandika. Chai hakuigusa, Resham. Mtu akiingia nyumba ya Mpanjabi akaacha chai ipoe, ujue jambo limeharibika.

Alipoondoka, Navreet akanitazama. "Baba Mkubwa, hayo malori yanazaliana? Juzi yalikuwa ishirini." Akacheka kidogo, akachukua kikombe cha ofisa akaimwaga ile chai.

Nikapanda juu ya paa na nyundo nilivunje lile tangi. Akaniita toka uani: "Shuka, Baba Mkubwa. Ameshaliona. Ukilivunja atasema tunaficha kitu." Nikashuka nikiishika ngazi kwa mikono miwili, mimi niliyewahi kupanda mnara wa umeme radi ikipiga.

Ofisa amesema atakupigia simu Jumatatu, akuulize mtoto amekaa wapi. Hapo ndipo ninapokufa kwa woga, maana wewe na mimi tumenyonya ziwa moja. Kwenye harusi ya binamu yetu Sukhi uliwaambia wageni kwamba Navreet anasoma shule kubwa ya Kanada, huku yuko likizo tu. Ukimwambia ofisa hivyo, kiti kimekwenda, na dola zile wewe huna, mimi sina.

Mwambie kwamba hilo lori moja uliloendesha ni la mtu mwingine. Mwambie mgongo umevunjika, na binti umemleta kwangu kwa sababu huko ulishindwa kumsomesha. Usiongeze neno. Tumejisifu maisha yetu yote, ndugu yangu, hakuna aliyeumia. Jumatatu moja tu, kuwa maskini kwa sauti.

Barua hii anakuletea mke wa Bachittar, anayepanda ndege kesho. Sikutaka kupiga simu, kwa simu tungeanza kushindana.

Nisalimie Paramjit, mwanao Jasdev na mama mkwe wako. Mke wangu Surjit anawaombea kila asubuhi hekaluni, kule gurudwara. Waheguru auponye mgongo wako na auzuie ulimi wako, na wangu pia.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kuliko shamba langu la ngano,
Gurmail

Bachittar ameuliza kama tangi linauzwa. Nimemwambia angoje Jumatatu ipite.