Kuku wa Kagongwa

Machimboni, upande wa Geita

Milembe, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Pamba imepandwa, imevunwa, na miguu yako bado iko Kagongwa. Nani amekufunga kamba? Nilipokuja huku kumpikia baba yako ulisema utakuja kila shule ikifungwa. Umekuja mara moja. Mwangaluka basi, ingawa hustahili salamu yangu. U mzima? Shangazi yako mgongo umemwachia? Mimi ni mzima, na ndilo kosa langu, kama utakavyosikia.

Anayeandika ni Mama Doto, jirani anayeuza maandazi. Mimi kalamu sijui kichwa chake wala mkia. Amesema atapunguza maneno makali. Nimemwambia akipunguza hata moja nitajua kwa ufupi wa karatasi.

Unaikumbuka siku uliyonifundisha yai? Ulisema kila kilicho hai, mimi, mbuzi, hata mhogo, kimejengwa kwa vitu vilevile, maji mengi na makaa. Nikacheka. Ukanionyesha nyama niliyoiunguza: "Haya bibi, makaa haya yametoka wapi kama hayakuwamo ndani?" Kisha ukapasua yai kikombeni, ukakamulia ndimu kwenye ute, na bila moto ute ukaanza kuwa mweupe.

"Hii ni protini, bibi. Ndiyo nyama yako, ndiyo nywele zako, imo hata kwenye damu. Ina mkunjo wake. Mkunjo ukiharibika, kazi yake imekwisha."

Ukasema zebaki wanayokamatia dhahabu wachimbaji hawa, wakiichoma haifi. Inapanda na moshi, inaingia na pumzi, inakwenda kuzishika protini za mwili na kuziharibu kama ndimu ilivyouharibu ute. Baba yako akasema, "Nimempeleka shule akajifunze kupika mayai kwa ndimu!" Mimi sikucheka tena. Tangu siku hiyo, wakiweka kikaango chao kwenye mafiga yangu, naondoka naenda kisimani mpaka moshi uishe.

Sasa sikia. Mikono ya baba yako inatetemeka. Kifungo cha shati kinamshinda, uji unamwagika kabla ya kufika mdomoni. Masanja, mwenzake wa shimo moja, fizi zinamtoka damu na usingizi umemkimbia. Kuku wangu wanaodonoa majivu pale mafigani wanapepesuka kama wametoka kilabuni. Kila kilicho hai katika ua huu kinaumwa isipokuwa mimi kikongwe. Na macho yangu unayajua. Ni mekundu, moshi wa mabua ya pamba tangu usichana.

Masanja akasema mbele ya watu, pale kwenye maandazi, "Bibi huyu kila tukichoma dhahabu anapotelea kisimani. Kisima gani hicho kinachomwita?"

Nikamjibu, "Kile ambacho wewe unakipita mbali, na harufu yako inatuambia."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Ameita mganga kutoka upande wa Buseresere, aje kupiga ramli baada ya gulio lijalo.

Mama Doto ameacha kuandika, ananitazama. Andika, mwanangu.

Jana baba yako hakula ugali wangu. Alisema ameshiba. Huyo niliyemtafunia viazi akiwa hana meno! Kumbe amekula maandazi, na Mama Doto mwenyewe ndiye aliyeniambia, machozi yakimlenga. Hapo ndipo nilipoogopa. Masanja simwogopi. Namwogopa mwanangu anayenyamaza. Vikongwe wenye macho mekundu wakiitwa wachawi, unajua wanavyofanywa. Hayo sitamwandikisha mtoto wa watu.

Habari ya ute niliwaeleza. Wakasema, "Bibi, yai na dhahabu wapi na wapi?" Maneno yako yakitoka kinywani mwangu yanageuka uchawi mwingine.

Na ramli ya mganga huyo ni ya kuku. Mgonjwa anatoa kuku wa nyumbani kwake, anapasuliwa, anasomwa tumboni. Juzi mmoja wangu alianguka, nikamchinja, nikampasua. Ini limepauka, sijapata kuona. Sikumpika, nilimzika. Sasa niambie, kuku wa ua huu akipasuliwa mbele ya watu wenye mapanga, atasema nini? Atasema kifo kimo ndani ya nyumba. Na hatakuwa amesema uongo. Ila watakitafuta machoni mwangu.

Nina swali moja, unijibu kwa mdomo, si kwa karatasi. Ute ukishakuwa mweupe haurudi. Mikono ya baba yako je? Imekwisha kuiva, au bado ina ubichi wa kuokoa?

Msalimie shangazi yako, na mumewe fundi baiskeli, na yule bibi jirani yenu anayejidai ananizidi umri. Mimi ni yuleyule mama wa baba yako, sijabadilika hata ukucha, wakisema lolote.

Mwombe shangazi yako yule mtetea mwekundu aliyeanguliwa hapohapo Kagongwa, uje naye kabla ya gulio. Huyo ni wa nyumbani kwenu, baba yako anaweza kumtoa bila kusema uongo. Wakimpasua, wapasue na mmoja wa huku, uwasomeshe wewe maini yote mawili. Njiani mpakate, na ukishuka kwenye lori usimweke chini, asidonoe hata punje ya udongo wa huku.