Laini Iliyokuwa Nyuma ya Betri

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Juba. Tarehe 15 Machi 2008.
Jina: Night Poni Jubek. Umri: miaka 17. Kazi: kuchaji simu kibandani. Makazi: Gurei.

Laini ya Kizza niliichukua mimi. Sijamwambia mtu mwingine, hata padri.

Mnamo tarehe 12 Machi asubuhi, Kizza, jirani yetu Mganda anayeendesha bodaboda, aliniletea simu yake. Akasema, "Dada Night, ikule kabisa, isirudi na njaa. Bibi yangu iko karibu kuzaa."

Gurei hushika mtandao wa namba za Uganda. Bandarini, kule mtoni, hushika ule wa namba za kaskazini. Mitandao hiyo haipigiani, na simu ikivuka haihamii yenyewe. Madereva hubandika laini ya pili nyuma ya betri, wakifika hubadilisha.

Ile ya Kizza niliibandua, nikaitia kwenye simu yangu. Nilitaka kumpigia Santino, mpakuaji wa bandarini, ambaye ana namba ya kaskazini tu. Kizza alichukua simu yake bila kuifungua, akapeleka mzigo bandarini.

Saa tisa mchana nilipanda kilima nyuma ya kanisa, ambako mtandao wa kaskazini hushika kidogo. Santino akasema, "Ni wewe tena?" Akakata. Nilibaki pale nikingoja labda atapiga. Simu ikaita. Haikuwa namba yake, nikaikata ili asikute laini ina mtu. Ikaita tena, nikaikata tena.

Aliyepiga ni Matiya, kaka wa Ritah, mke wa Kizza. Alikuwa mjini, ambako mitandao yote miwili hushika, naye ana laini zote mbili. Ritah alikuwa amempigia kumwambia kwamba anatoka damu na hampati mumewe. Majirani walimbeba kwa mkokoteni kumpeleka hospitali. Alikufa njiani, na mtoto pia.

Jioni Kizza aliniuliza, "Dada, laini haikuanguka kwako?" Nikasema hapana.

Msibani Matiya alimwambia, "Namba moja haikupatikana. Ya pili iliita, ukaikata mara mbili. Mwanamke gani huyo alikuwa mtamu hivyo?"

"Shemeji, laini ilipotea."

"Ikapotea na vidole vyako?"

Watu walicheka vibaya. Mimi nilikuwa nagawa chai. Ndugu wa Ritah walimpiga Kizza, na jana aliletwa hapa akidaiwa kumwacha mkewe afe, uso umevimba.

Santino hajapiga.

Niliyoyafanya ndiyo haya, sina mengine. Afande, mwachilieni Kizza. Lakini nakuomba, mama yangu asijue. Yeye ndiye aliyemwosha Ritah.

Sahihi: Night P. Jubek

Shahidi amesomewa maelezo yake, ameyakubali. Laini moja imepokelewa kama kielelezo. Mama yake anangoja nje.
Sajini Lodu Gune