Pete Yangu Imebaki na Shaba ya Vita

Alhamisi. Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile ya Brussels isiyonyesha vizuri wala kukatika. Mmezoea kunisoma nikipiga vigelegele: harusi yetu, macho ya Serge wangu, kahawa anayoniletea kitandani. Leo vigelegele sina. Machozi nayo hayaji. Nimekaa hapa nyumbani Saint-Gilles, koti bado mwilini, mikono kama ya mtu mwingine.

Pete yangu ya ndoa haipo.

Kwa wasiojua, natunza karatasi kuukuu katika ghala la nyaraka. Siku hizi tuna faili za ofisi ya serikali iliyosimamia bidhaa zilizotoka nje wakati wa vita vya dunia. Natoa pini zenye kutu, natandaza utepe wa pamba mezani, naweka karatasi juu yake, nafunga bunda, natia kwenye boksi. Pete haziruhusiwi, zinachana karatasi. Inabidi uiache kabatini.

Mimi nilishindwa kuiacha gizani peke yake, ndoa changa hivi! Nikakata kipande cha utepe uleule, nikatunga pete, nikaivaa shingoni chini ya blauzi.

Leo fundo lilifunguka. Nikauweka utepe mezani ili niufunge upya. Mbele yangu kulikuwa na karatasi za shaba ya Katanga, shaba ya kwetu, na jina la kikoloni la mji wetu juu kabisa. Nikamwona Serge mlangoni mwa kanisa kule Lubumbashi, anatoka jasho, anacheka. Mikono ikaendelea na kazi bila mimi. Ikaweka karatasi juu ya utepe uliokuwa karibu, uleule wenye pete. Ikafunga.

Nimegundua kwenye tramu, nilipojigusa shingo.

Maboksi yamefungwa. Kesho asubuhi lori linayapeleka kwenye ghala la mbali. Ili yafunguliwe lazima nimwambie Madame, mkuu wetu, kwamba nilivunja sheria, na mimi bado niko kwenye kipindi cha majaribio kazini. Tena Jumapili mama yake Serge anafika kutoka Lubumbashi. Ile pete aliivua kwenye kidole chake mwenyewe, akanipa.

Nimemweleza Serge kila kitu kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Chérie, uko unalia?"

"Hapana."

"Bon. Ile njo mubaya zaidi." Kwake, kutolia ndiko kubaya zaidi.

Akajaribu utani: "Bazungu balibeba shaba yote, sasa banabeba na pete ya maman!" Siku nyingine ningeanguka kwa kicheko. Leo nilimtazama tu.

Halafu akavua pete yake, akaitia kwenye kopo la sukari.

"Yangu itangojea yako. Maman akiuliza, atatuuliza wote babili."

Nimemshika kile kidole kitupu. Kimebaki na alama ya pete, na kilikuwa na joto. Ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi tangu kwenye tramu.

Kesho nitakuwa mlangoni kabla ya lori. Nitamwambia Madame ukweli na kumwonyesha maboksi ya shaba. Kazi nikiipoteza, nitakuwa nimeipoteza nikiwa nimesema.

Na sukari ya kahawa, asubuhi, tutaichota polepole.