Kipande cha Uji

Jumapili, jioni. Mvua imekatika, matope yamebaki. Sina huzuni wala furaha. Niandike tu mambo yalivyokuwa.

Sisi ni watu saba tunaoipenda filamu moja ya zamani ya kutisha. Daktari anakataa mke wake afe, anamfufua, na nyumba yote inaharibika. Kila Jumapili, hapa Kisangani, tunakaa nyuma ya duka la Mama Kavira, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, tunabishania nakala za filamu hiyo. Ile ya parokia inaishia pale mlango wa chumba cha maiti unapofunguka, kilichofuata kilikatwa. Ile ya sinema ya mjini inafika mpaka nyumba inaungua, ila imeungwa-ungwa hata daktari anavua koti bila kugusa kifungo.

Mimi peke yangu ndiye niliyeiona nzima, Kinshasa, nilipotumwa huko na posta kwa mafunzo.

Uongo.

Siku ile tiketi ziliisha mbele yangu. Niliporudi Kisangani na wenzangu wakaniuliza, niliona aibu, nikabuni kipande. Alfajiri, mke aliyefufuka anaingia jikoni. Mtoto wake yupo mezani. Hamdhuru. Anaupuliza uji wa mtoto upoe, kisha anatoka. Nimekisimulia miaka mitatu.

Jana mchana mwalimu mmoja wa chuo kikuu, anayerudi kwao Ulaya, alituonyesha nakala yake isiyoguswa na mkasi. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Nilikaa nikitoka jasho. Mlango ukafunguka, nyumba ikaungua, taa zikawashwa.

Uji hakuna.

Nilingoja mtu anigeukie. Wa kwanza kusema alikuwa Tonton Asumani, mwenzetu tunayemwita mjomba, fundi wa nguo kutoka Kindu.

“Bon, na hii pia walikata. Banakataka tu fasi ya muzuri.”

Wote wakakubali kwamba sehemu nzuri ndizo hukatwa. Mama Kavira hata alimhurumia mwalimu kwa kuuziwa kitu pungufu.

Leo baada ya misa nikaenda kwa Tonton Asumani. Alikuwa peke yake, akitia uzi kwenye cherehani.

“Tonton, ile filamu sikuiona Kinshasa. Kipande cha uji nilikitoa kichwani.”

Akauacha uzi.

“Unajua mama ya mutoto wangu alikufia jikoni,” akasema. “Mutoto alikataa kuingia mule. Miezi. Nilikuwa nikipika mwenyewe inje, na mvua. Siku moja nikamwambia hii kipande yako. Nikamwambia iko ndani ya filamu, watu waliiona. Sasa anapika mule na kijiko ya mama yake, anaimba.”

“Sikujua, tonton.”

“Alors, sasa unajua. Usiambie mutu.”

Nilikuwa nimekwenda kutua mzigo. Nikaondoka nao, umezidi uzito.

Alasiri tukakutana kama kawaida. Wanafunzi wawili wa yule mwalimu, walioiona filamu jana pamoja nasi, walikuwa wamekuja, mara yao ya kwanza. Mama Kavira akawawekea makemba, ndizi za kukaanga, akanigeukia.

“Citoyenne wa posta, hebu waambie kile kipande walichokata.”

Nikamtazama Tonton. Alikuwa anakula. Nikaanza: jiko, alfajiri, mtoto mezani. Sauti yangu ilikuwa kavu kama ninasoma telegramu.

“Mama akachukua kijiko…”

“Ya muti,” akasema Tonton Asumani, bila kuinua kichwa. “Kijiko ya muti.”

Sijawahi kusema kijiko kilikuwa cha nini.

Wanafunzi walikuwa wananingoja.

“Ndiyo,” nikasema. “Cha mti.” Nikaendelea mpaka mwisho, na hakuna aliyesogeza kiti.

Jumamosi ni siku yangu ya kuungama. Padri akiniuliza nimedanganya mara ngapi, hii ya leo niihesabu?